Kwa Mke Wangu, Fundi wa Nyumba za Watu

Mwaka umekatika, mama watoto, tangu asubuhi ile ulipoomba chai ukaiacha ikapoa. Nilidhani umesinzia pale kitini. Nikaendelea na suruali ya mteja, nakanyaga cherehani taratibu nisikuamshe, mpaka binti yetu alipotoka chumbani, akakugusa bega, akaniita, "Baba," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilishauriwa niandike tangazo fupi la gazetini. Picha, tarehe, mstari mmoja wa maandiko, basi. Nimeshindwa. Tangu ulipotuacha watu wengine wamesema sana habari zako, kanisani na nje ya kanisa, na kila anayesimama anakuelezea kana kwamba ulikuwa wake peke yake. Leo ni zamu ya nyumbani kwako. Wao wakitaka, wasome.

Tulikutana kwa sababu ya ukuta. Ukuta wa duka langu la ushonaji ulikuwa unapukutika, vumbi la lipu linamwagikia vitambaa vya watu, na mwenye nyumba akamleta baba yako, fundi mwashi, aje aupige lipu upya. Baba yako alikuja na wewe. Nilidhani umekuja kumchotea maji. Kumbe mzee alikaa juu ya ndoo akafungua redio yake, wewe ukapanda jukwaani na mwiko mkononi.

Nikakuuliza, "Dada, fundi ni wewe?"

Ukanijibu bila kugeuka, "Na wewe, kaka, ndiye unayeshona magauni?"

Kazi ilikuwa ya siku moja. Mimi nikawa naona nyufa mpya kila jioni, natuma mtu awaite mrudi. Mwisho baba yako akanivuta pembeni. "Kijana," akasema, "nyumba hii haina ufa. Ufa uko kichwani mwako. Njoo nyumbani useme unachotaka." Nikaja, nikasema.

Ukaniita Bwana Sindano tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, na hukuacha. Majirani wakitaka kumwelekeza mtu kwetu walisema, nenda kwa wale mafundi. Mimi nilishona ndani, wewe ulijenga nje, na jioni tulikutana mezani, mimi nina nyuzi kwenye nywele, wewe una saruji kwenye kope.

Hukuwa mtu wa maneno. Mgeni angeweza kushinda kwetu kutwa nzima asijue sauti yako ikoje. Ulichovya mkate kwenye chai mpaka ukalegea, na ulikuwa na ustadi wa kuudaka kabla haujakatika. Ukiingia mahali popote, benki, hospitali, nyumbani kwa watu, kabla ya kusalimia uliweka kiganja ukutani. Ukikasirika hukugomba, ulichukua ufagio ukafagia uwanja, na watoto walikuwa wakiusikia ule ufagio wanaanza wenyewe kukumbuka walichofanya.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa na wewe. Halafu mchungaji akatangaza safari.

Ilikuwa Jumapili. Alisema kuna mahali mto umefurika ukabomoa nyumba za watu, na kanisa la huko limepata viwanja, wanatafutwa wa kwenda kujenga. Anayeguswa asimame. Akasimama mwalimu wa kwaya. Akasimama mama mwenye saluni, wakasimama vijana wa chuo na wale wazee wawili wa posta. Watu wenye mioyo mizuri na mikono laini. Wewe ulikuwa umekaa, nami nikafurahi. Kisha ukaniinamia sikioni. "Na hawa saruji atawachanganyia nani?" Ukasimama.

"Wiki chache tu," uliniambia tulipokuwa tunarudi nyumbani.

Ulirudi umeungua na jua, umekonda, na unaongea. Uliongea mpaka chakula kikapoa mezani. Ulitueleza jinsi mwalimu wa kwaya alivyopanga matofali akasahau mlango. Ulitueleza familia zilivyokuwa zinalala darasani, madawati yamepangwa kuwa ukuta kati ya nyumba na nyumba. Na ulitueleza habari za muuza mkaa.

Nyumba ya kwanza mlimjengea yeye. Mto ulikuwa umemchukulia mke, akabaki na watoto wake wa kike. Nilimhurumia, nasema kweli. Nilimhurumia siku ya kwanza na ya pili. Lakini ikawa kila ukifungua mdomo, muuza mkaa yumo. Muuza mkaa kasema mlango uelekee barabarani awaone wateja. Muuza mkaa ana utani, wewe acha. Muuza mkaa akiimba sauti ya tatu, wanaofanya kazi wanasimama.

Nikauliza, "Huyo bwana mkaa anauza saa ngapi?"

Binti yetu akacheka. Wewe ukanitazama kwa utulivu. "Una wivu, Bwana Sindano."

"Wivu wa mkaa?" nikasema. Lakini shati nililokuwa naliunga siku hiyo mikono yake niliigeuza, wa kulia nikauweka kushoto, ikabidi nifumue kazi yote.

Mwaka uliofuata ukaenda tena, na uliofuata, na mingine baada ya hapo. Kanisa lilikuwa likianza tu kukusanya watu, wewe ulikuwa umeshauosha mwiko wa baba yako na kuufunga kwenye kitambaa. Nilikushonea ovaroli za kazi, magoti nikayawekea nguo mbili, moja juu ya nyingine, maana ulipiga sana magoti. Safari moja ukaniletea vipimo vya madirisha ya muuza mkaa, umepima kwa mikono yako, ukaomba nimshonee mapazia. Nikashona. Nilichagua kitambaa kizuri, cha rangi ya mchanga chenye pindo la buluu, kwa sababu kazi ni kazi.

Huku kwetu ukuta wa uani ulikuwa umeishia kiunoni. Uliuanza binti yetu akiwa anasoma, ukasema utaumalizia mwaka ujao. Kuku wa jirani waliuruka wakaingia, wakachakura mboga zetu, wakatoka wakati waliotaka. Nikikukumbusha ulisema, "Kuku si mafuriko." Hapo sikuwa na la kujibu, na hilo ndilo lililonichoma. Ningekuwa na jibu ningeridhika.

Basi mwaka mmoja nikafunga duka. Nikatangaza kwamba na mimi nimesikia wito wa Bwana.

"Bwana yupi?" ukaniuliza. "Bwana Sindano?"

Tulisafiri kwenye lori la kanisa, juu ya mifuko ya saruji. Njia nzima nilikuwa namwombea muuza mkaa awe mzee, awe na kitambi, awe na meno mabovu. Hakuwa na hata kimoja. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe ingawa anauza mkaa, na alinipokea kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, "karibu nyumbani."

Shemeji. Maana yake wewe ni dada yake. Nilishusha pumzi kidogo. Kidogo tu, kwa sababu watoto walikuwa wameshalizunguka lori wanakuita Mama Timazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma, unauning'iniza kando ya ukuta uone kama umesimama sawasawa. Mimi mumeo sikulijua jina hilo. Miaka yote hiyo ulikuwa na jina lingine, linaitwa na watoto wa watu, na wewe unaliitika.

Nikaingizwa ndani, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Mtoto wa mwisho wa muuza mkaa akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. "Samahani, babu," akasema, "hicho ni kiti cha Mama Timazi. Hakikaliwi." Nikanyanyuka. Nikaketi kwenye kigoda, nikatazama mapazia yangu, kitambaa nilichokikata kwa mkono wangu, yanapepea kwenye dirisha la mwanaume mwingine. Yalikuwa yamekaa vizuri.

Kazini nilikuwa bure. Karai la zege lilinishinda, malengelenge yakanitoka siku ya kwanza, na yule mama wa saluni, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa fundi, akaniambia nipumzike kivulini niwatungie watu hadithi. Kwa hiyo nilikaa nikakutazama.

Ulikuwa unaimba. Juu kule jukwaani, mwiko unakwenda, unaimba, na chini muuza mkaa anakuitikia na sauti yake hiyo ya tatu. Ulipiga kelele watu walete maji. Ulimtania mchungaji mbele ya waumini wake, ukamwambia tofali lake limekaa kama mtu anayesubiri sadaka, na mchungaji akacheka mpaka akakaa chini. Mwanamke yule sikuwahi kuishi naye. Nilikuwa nimeishi na yule anayechovya mkate na kunyamaza.

Na pembeni yako alikuwepo binti mkubwa wa muuza mkaa. Ulikuwa umemfundisha tangu nyumba ya kwanza, akiwa msichana, na sasa alikuwa mwanamke mzima anayejitegemea kwa ufundi huo. Alisimama unavyosimama. Aliinamisha kichwa kwenye bega la kushoto anapotazama ukuta, kama wewe. Hata mwiko aliufutia gotini, goti lile lile. Nikawaza juu ya binti yetu, aliyekuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa anahesabu vidonge vya watu, na nikaona uchungu kwa niaba yake kabla yeye mwenyewe hajaujua.

Siku moja baada ya kazi tulikaa kwenye lundo la mchanga, mimi na wewe. Nikakuuliza, "Mbona nyumbani huimbi?"

Ulifikiri. Ulichota mchanga ukauachia upite katikati ya vidole. "Nyumbani kila mtu anajua nitafanya nini," ulisema. "Hapa wananiuliza."

"Wanakuuliza nini?"

"Kila kitu. Mlango uwe wapi, chumba kiwe kikubwa kiasi gani, tuanzie upande upi." Ukanigeukia. "Wewe hujawahi kuniuliza dirisha liwe wapi."

"Nyumba yetu tuliikuta na madirisha."

"Ndiyo," ukasema. "Tuliikuta."

Nilikwenda kule namwonea wivu mwanaume mmoja. Nilirudi nawaonea wivu wote, na watoto wao, na kuta zao. Tulipofika nyumbani nikaanza kukuuliza mambo. Nilikuuliza kitanda kiwekwe wapi. Nilikuuliza hata shati la mteja liwe na vifungo vya rangi gani. Ukaniangalia kwa huruma. "Usijilazimishe, Bwana Sindano," ukasema, lakini siku ile ulinichagulia vifungo, na ulikaa karibu na cherehani mpaka nikamaliza. Jioni hiyo ninayo. Hiyo muuza mkaa hana.

Kisha miguu yako ikaanza kuvimba. Ulipanda ngazi ya kanisa ukasimama katikati kutafuta pumzi, wewe uliyekuwa unapanda majukwaa na ndoo mkononi. Daktari akatuonyesha picha ya eksirei, akazungushia kidole pale ambapo moyo ulikuwa umepanuka ukajaa kifua. Alisema upumzike. Alisema kazi nzito basi. Akaniambia mimi peke yangu maneno mengine kwenye korido, nami sikukuambia, na wewe ulikuwa unayajua tayari.

Safari ilikuwa imekaribia. Nilikukuta umetandaza kile kitambaa, unaufunga mwiko.

"Huendi," nikasema.

"Nakwenda."

"Mama watoto, muda uliobaki si mwingi. Na huo kidogo unataka kuwapelekea wao?"

Uliendelea kufunga fundo lako. "Nikikaa hapa nitakuwa mgonjwa," ulisema. "Utanipikia uji, watu watakuja kunitazama, wataongea kwa sauti ya chini. Kule nitakuwa fundi."

"Na mimi?"

"Wewe njoo. Nibebee kigoda."

Nilikubeba, kigoda na wewe mwenyewe, maana kushuka kwenye lori hukuweza. Ulikaa katikati ya kiwanja ukiwaelekeza watu kwa ufito. Muuza mkaa alikutengenezea kivuli cha turubai. Ilijengwa nyumba ya bibi mmoja kipofu anayelea wajukuu, na alipoletwa kuigusa, wewe ndiye uliyemshika kiganja ukakipitisha ukutani, polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani. Ulicheka siku hiyo. Sikukusikia ukicheka tena vile. Kicheko cha mwisho walikipata wao. Mimi nilirudi nyumbani na kikohozi chako.

Binti yetu ndiye aliyefungua begi lako. Alitoa nguo, akatoa viatu, akatoa kile kitambaa kikiwa kitupu. "Mama, mwiko wa babu uko wapi?"

"Nimemwachia anayeutumia."

Binti yetu alitoka nje. Tukausikia ufagio. Alifagia uwanja mzima, akarudi amesimama mlangoni. "Mimi hukunifundisha."

"Hukuomba."

"Nilikuwa mtoto. Nikija ulisema nisikanyage saruji."

Ulimwita karibu, ukamshika mkono, ukaugeuza kiganja juu. "Mikono hii nilitaka ibaki laini," ukamwambia.

"Na ya yule binti?" akauliza.

Hukuuachia mkono wake. Mliendelea kukaa hivyo, nami nikaenda jikoni kutafuta kitu ambacho sikukihitaji.

Baada ya hapo zilikuja siku za kiti, za mito mgongoni, za kulala umekaa. Zilikuwa zetu. Nilihamishia cherehani pembeni yako. Uliniambia mishono yangu inapinda unapoitazama kwa chini, ukaniambia sauti ya cherehani inakulaza. Halafu ikaja asubuhi ile ya chai.

Kwenye mazishi walikuja lori zima. Walikaa viti vya mbele kabla sisi hatujatoka nyumbani, na sikuwa na nguvu ya kuwahamisha. Mchungaji alihubiri kwamba ulikuwa na moyo mkubwa, na watu wakaitikia amina. Alikusudia sifa. Mimi nilikuwa nimeuona huo moyo kwenye picha, nikamtazama daktari wako aliyekaa safu ya nyuma, naye akatazama chini.

Muuza mkaa alipewa nafasi ya kusema. Alisema vizuri. Alieleza ulivyomuuliza, siku ya kwanza kabisa, marehemu mkewe alipenda kupikia upande gani wa nyumba, kisha ukalijenga jiko upande huo. Watu walilia. Ikaja zamu yangu, nikasema asanteni kwa kuja, nikakaa.

Kesho yake alinifuata makaburini, na binti yake nyuma yake. Pembeni lori lao lilikuwa limemwaga mchanga na matofali. "Shemeji," akasema, "tunaomba tumjengee mama nyumba yake."

"Hapana," nikasema. "Miaka yote mlikuwa naye nyinyi. Hii ni yangu."

Hakubisha. "Sawa, shemeji." Akaenda akakaa kwenye jiwe na watu wake.

Kifungua mimba wetu, dereva, alikuwa ameleta saruji kwenye gari lake. Nikachanganya mwenyewe, nimevaa suruali ya ibada, nikaanza kupanga. Mstari wa kwanza ulitoka kama nyoka. Wa pili nikajaribu kuurekebisha kwa kuulaza upande wa pili, ikawa mbaya zaidi. Binti wa muuza mkaa alikuwa amesimama ameushika mwiko wa baba yako kifuani kwa mikono yote miwili, anauma midomo, anageuza uso, anatazama tena.

Binti yetu akaja akachuchumaa karibu nami. "Baba, mama angeubomoa huo."

"Najua."

"Basi mwache afanye."

"Nani?"

"Si yule. Unamwona anavyoumia." Na kabla sijajibu akanyanyuka, akaenda kwa mwenzake. Walitazamana. Nilidhani binti yetu atauomba ule mwiko, na niseme ukweli, nilitaka auombe. Akasema, "Nionyeshe unavyoshikwa."

Wakajenga pande tatu, wao wawili. Mmoja anaonyesha, mwingine anafuata, saruji imemfikia binti yetu viwiko na hakuna wa kumwambia asikanyage. Mimi nilibaki na upande wangu wa nne, sikuutoa. Muuza mkaa aliuliza kama anaweza kusaidia kitu. Nikamwambia alete maji. Maji tu.

Jioni pande tatu zilikuwa zimenyooka kama meza. Upande wangu ulikuwa na tumbo. Binti wa muuza mkaa alikuja akasimama karibu nami, akaongea kwa sauti ya chini. "Baba, niunyooshe kidogo? Haitachukua muda."

"Usiuguse, mwanangu," nikamwambia.

Ameuliza tena mwezi uliopita, na jibu ni hilo hilo. Anayepita makaburini anaweza kujua bila kuambiwa ni upande upi uliojengwa na mumeo.

Habari za nyumbani ni hizi. Mjukuu wako ametembea. Wateja wananiuliza kwa nini duka limekuwa kimya, nami ndiye niliyekuwa naongea humo, kwa hiyo sijui wanachokikosa. Kuku wa jirani wanaingia bado. Na wiki ijayo kanisa linasafiri tena, na safari hii binti yetu ameomba ruhusa duka la dawa, anakwenda nao. Alinieleza huku anatazama pembeni. Nikamuuliza atalala wapi. Akasema kwa muuza mkaa, na mabinti zake, wameshamwandalia.

Walikuchukua wewe, sasa wanamchukua na huyu. Nimemshonea ovaroli. Ananizidi urefu kuliko ulivyonizidi wewe, kwa hiyo nilimwita asimame nimpime upya, na nilipofika magotini nikamuuliza, "Hapa niweke nguo ngapi?"

Akasema, "Weka mbili, baba."

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na kifungua mimba wetu na mkewe. Na binti yetu. Na mjukuu wako ambaye tunamwonyesha picha yako kila siku na kila siku anaibusu. Na dada yako mkubwa. Na wifi zako wote, hata yule mliyenuniana. Na mafundi wenzako, na majirani, akiwemo mwenye kuku.

Muuza mkaa, mabinti zake, bibi kipofu na watu wa zile nyumba wameomba nao waandikwe. Nilikataa. Binti yetu akasema basi tangazo halipeleki gazetini. Kwa hiyo nimewaandika, hapa mwishoni, baada ya kuku.

Hatutakusahau, sisi wala wao. Sisi zaidi.